Mama Juu ya Mizani ya Pamba

Mwanza,
14 Novemba 1994

Mdogo wangu Luhaga,

Mwangaluka. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi yangu Goodness na watoto, na kwamba mvua za huko zimeanza vizuri kama tunavyosikia kwa wanaotoka Bariadi. Huku Mwanza inanyesha asubuhi, mchana jua linawaka kama halikuona kitu. Mimi ni mzima. Mama yupo, anakula, analala, na anakusalimu sana. Ameniagiza salamu yake niiweke juu kabisa, kabla ya maneno yangu, kwa sababu maneno yangu anayajua.

Ujumbe wako nimeupata jana kwa mkono wa Bujiku, dereva wa lori lako la pamba. Hongera kwa udiwani. Umesema Jumapili ijayo unachinja ng'ombe pale Kasoli kuwashukuru waliokupa kura, na kwamba mama arudi Jumamosi ili akae mbele, karibu yako. Umeagiza avae kile kitenge kipya na vile viatu vyeusi, vyote viwili viwe vimepigwa rangi. Mwisho ukaandika kwamba nimlishe vizuri, asije akawa amepungua huku kwa mama mdogo Anna na watu wakapata la kusema.

Nitakujibu yote. Lakini nina hasira, Luhaga, na naitaja mapema ili usije ukauliza watu dada ana nini. Bujiku atakukabidhi pia kifurushi kilichofungwa kwa gazeti. Usikifungue kabla hujamaliza kusoma. Nakujua ulivyo na haraka ya kufungua vitu.

Nianzie mbali kidogo, kwa sababu wewe ulikuja katikati ya jambo hili ukadhani umekuta mwanzo wake.

Mwaka juzi mama alikuwa hawezi kutoka kwangu hadi kanisani Kasoli bila kukaa njiani mara kwa mara. Magoti yalimuuma, macho yalikuwa na ukungu, na maji alikunywa kama anayezima moto tumboni. Nilichogundua mimi ni sisimizi. Walijipanga nyuma ya nyumba, pale alipokuwa akijisaidia usiku, kama wanaofuata asali. Nikampeleka Bariadi. Daktari akapima, akasema ni kisukari, na kwamba uzito wake ni mzigo juu ya mzigo. Akampa vidonge, akasema vidonge peke yake havitoshi, chakula nacho kibadilike. Mama akamuuliza daktari kama na yeye ana mama. Akasema kama dawa ni kula majani, basi Bukundi kusingekuwa na ng'ombe anayeugua.

Unamjua mama. Ni mpishi aliyekuwa akiitwa kwenye harusi hadi Zagayu, mtu anayeonja mboga akakuambia kuni zilikuwa mbichi. Sikumfungia chakula. Hili nataka ulisome mara mbili, maana wewe na ukoo wetu mlilisema vingine: sikumfungia chakula. Nilibadilisha kilichojaa sahani. Ugali wa sembe tukauacha, tukarudi kwenye mtama tuliokua nao, na tonge likawa dogo kuliko mboga, si mboga kuwa ndogo kuliko tonge. Nsansa, yale majani yetu ya kunde ya kukausha, zikarudi mezani. Mlenda ukarudi. Samaki akabanikwa badala ya kuelea kwenye mafuta. Kuku wa Jumapili aliliwa bila ngozi, na ngozi alikula paka, akanenepa yeye. Chai ikawa na maziwa na tangawizi, bila sukari.

Wiki za kwanza alinuna. Kisha upishi wake ukamshinda kiburi. Alianza kuzikaanga karanga kidogo kabla ya kuziponda, akagundua kwamba konzi moja iliyokaangwa inanukia kuliko bakuli zima la mbichi. Alitia ukwaju kwenye nsansa mpaka chumvi ikawa haina kazi. Majirani walianza kupitia kwangu saa ya chakula kwa visingizio, huyu kuazima jembe, huyu kuuliza tarehe. Hakuna aliyepitia kwa sababu ya njaa ya mwalimu Felisita. Walifuata harufu ya sufuria ya mama.

Mwili ukapungua pole pole. Magoti yakatulia. Kwenye harusi ya Jenifer, mtoto wa jirani yangu, alicheza mpaka wapiga ngoma wakamwomba apumzike ili nao wapumzike. Mimi nilikuwepo. Wewe ulikuwa unafuatilia leseni ya kununua pamba, na sikulaumu kwa hilo.

Lakini ulijua, kama ninavyojua, maana ya kupungua katika miaka hii yetu. Mtu akipungua ana jina moja tu, nalo hatamkiwi usoni. Mjane wa miaka sitini, mama yetu, akaanza kuangaliwa shingo na mikono. Kisimani mwanamke mmoja aliniuliza kwa upole kabisa kama mgonjwa bado anaamka. Wengine hawakumsingizia ugonjwa, walinisingizia mimi. Walisema mwalimu wa sayansi kimu anampimia mama yake ugali kwa kikombe, na kwamba fedha unazoleta wewe nazifanyia mambo yangu. Yote hayo niliyasikia na sikujibu, kwa sababu mama mwenyewe alikuwa akiyacheka.

Kilichokuuma wewe hakikuwa hayo. Kilichokuuma ni Shigela. Wote wawili mlikuwa mmeanza kuutaka udiwani, naye siku ya gulio alisimama mbele ya wauza pamba akawauliza kama mtu aliyemkausha mama yake kama mchembe ataifanya nini kata nzima. Watu walicheka mpaka wakashika magunia. Mchembe wanaujua, kiazi kilichokatwa na kuanikwa juani hadi kikunjamane. Neno lile lilikufikia Bariadi kabla ya jioni, na kesho yake ukaja na gari.

Nakumbuka ulivyoingia. Hukumsalimu kwanza. Ulimshika mkono, ukaugeuza huku na huku kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani, ukauliza ni nani amemfanya hivi. Ukaitisha ukoo. Baba mkubwa Ngeleja akaketi kwenye kiti changu, na mimi nikaeleza alichosema daktari. Ukanijibu mbele ya wote kwamba kisukari ni ugonjwa wa matajiri, na mama yetu bado hajapata hiyo bahati. Wakacheka. Ukaongeza kwamba sayansi kimu yangu nikawafundishie watoto ubaoni, siyo kwenye tumbo la aliyenizaa. Wakacheka tena. Baba mkubwa akaamua kwamba mama akae kwa mwana mwenye uwezo, maana mzazi akikonda ni aibu ya boma zima, na ya mtoto wa kiume zaidi. Hakuna aliyemuuliza mama. Mama wakati huo alikuwa uani anawapakulia chakula, na mlipomaliza kuamua habari zake mliomba mwongezwe mboga.

Alipokuwa kwako Bariadi nilikuja kumwona mara nyingi kuliko ulivyonikuta, kwa kuwa wewe ulikuwa barabarani. Nilichokiona nitakisema kama kilivyokuwa. Mama alikuwa kwenye kochi. Ufagio alikatazwa, jiko alikatazwa, hata kuchambua mchele alikatazwa kwa kuwa watu wangesema umemfanya mtumishi. Asubuhi chai yenye sukari ambayo kijiko kingeweza kusimama ndani yake, mkate na siagi ya kopo. Mchana wali wa mafuta na nyama iliyonona. Jioni sembe nyeupe, na chapati kwa kuwa mgeni amekuja, na wageni kwako hawakuisha. Chini ya kitanda chake kulikuwa na kreti ya soda. Vidonge vya daktari alikuwa anameza, ni kweli, ulimkumbusha kila ulipokuwepo. Alimezea soda.

Nilipeleka nsansa nilizokausha mwenyewe. Ulimwambia Goodness awape kuku, kwamba hicho ni chakula cha mwaka wa njaa na hutaki kukiona nyumbani mwako. Kuku wako walikula vizuri siku ile kuliko mama.

Najua hiyo kreti ilitoka wapi, Luhaga. Haikutoka dukani tu. Mwaka wa themanini na mbili, maduka yakiwa matupu, mama alikutuma duka la kijiji kupanga foleni ya sukari. Ulikuwa kijana, umeshamaliza la saba. Ulipanga kutwa nzima juani, sukari ikaisha mbele yako, ukarudi na mfuko mtupu na kusimama mlangoni unalia kwa hasira. Mama akakupa mwiko ukakoroga uji usio na sukari, akaunywa na kukuambia ni mtamu kwa sababu umeukoroga wewe. Uliapa siku ile kwamba ukipata uwezo, mama hatakunywa tena uji mchungu. Sasa ruksa imekuja, maduka yamejaa, na wewe umepata uwezo. Nayaandika haya ili ujue kwamba sikuoni mtu mwovu. Ungekuwa mwovu ningekuandikia mistari miwili na kupeleka posta.

Sasa niseme habari ya mizani.

Ilikuwa Septemba, kampeni zimechacha. Uliita watu kwenye ghala lako la kununulia pamba hapo Kasoli, mwisho wa gulio, wakiwa bado na fedha mkononi. Mimi nilisimama karibu na mlango. Ulizungumza habari za barabara na za zahanati, vizuri tu, kisha ukasema kuna mtu alitangaza kwamba humlishi mama yako. Ukamleta mama mbele. Ukawaambia vijana waondoe gunia kwenye mizani kubwa ya chini, na ukampandisha mama yetu pale lilipokuwa gunia.

Kabla ya hapo, nyumbani, kulikuwa na shughuli ya viatu. Mama alitaka kuvaa katambuga zake, ambazo zimeshika umbo la miguu yake kwa miaka. Ulisema mama wa diwani hawezi kupanda mizani na matairi miguuni kama anayetoka kuokota kuni. Ulikuwa umemletea viatu vyeusi vya ngozi kutoka Mwanza, vya kufunika, vinang'aa. Miguu ilikuwa imevimba. Goodness aliiingiza kwa kutumia mpini wa kijiko. Mama aliulizwa kama vinabana, akasema havibani.

Ukasoma kilo kwa sauti. Tisini na nne. Wanawake wakapiga vigelegele, na mmoja nyuma yangu akasema mizani ya Luhaga ina adabu kweli, ikipima pamba yetu inapunguza, ikipima mama yake inaongeza. Mwingine akasema huyo si kilo, huyo amefungwa lumbesa kama gunia lililojazwa kupita mdomo. Watu wakacheka, na wewe ukacheka nao kwa sababu ulijua wameshakuwa wako. Mama pia alicheka. Lakini mimi nilikuwa natazama mkono wake, ameishika nguzo ya ghala kama anayeogopa kuanguka, na nilijua hashikilii nguzo ile kwa furaha.

Nimekuwa mwalimu muda mrefu na nimeona mengi yakifanywa mbele za watu. Sijaona mtu akimpima mama yake kwa mizani ya pamba ili achaguliwe. Shigela alikutukana kwa neno. Wewe ulimjibu kwa mwili wa mama.

Baada ya siku ile ulizunguka naye. Kila mkutano mama mbele, kitenge kipya, viatu vyeusi. Hakulalamika, na wewe ukachukua kutolalamika kwake kama cheti. Daktari hapa amenieleza kwamba ugonjwa ule ukikaa na sukari nyingi huondoa kwanza maumivu miguuni, halafu ndipo huja kuchukua mguu wenyewe. Mama alisema viatu havibani kwa sababu kweli hakusikia vikibana.

Goodness ndiye aliyeona. Alikuwa anafua, akakuta soksi ya kulia imegandamana na maji ya kidonda. Akamvua mama kiatu, akaona kisigino. Alikuambia. Usimkasirikie kwa kunieleza, na ukimkasirikia nitajua, nitakuja. Alikuambia ukiwa unaingia kwenye gari kwenda mkutanoni, nawe ukajibu ni malengelenge tu, apake mafuta, uchaguzi ukiisha utampeleka hospitali kubwa. Na siku ile mama aliingia kwenye gari lile, na kiatu mguuni.

Hapo ndipo hasira yangu ilipokaa, Luhaga. Kreti nimekusamehe. Kuku waliokula nsansa zangu nimewasamehe. Mizani labda nitaisamehe nikizeeka. Hilo la malengelenge bado.

Wifi yangu alisubiri mpaka harufu ikamtoa chumbani. Siku moja akanijia Kasoli, amewaambia watu wa nyumbani anafuata kuku wa kienyeji. Tukarudi wote Bariadi, tukamkuta mama anatabasamu na homa mwilini. Daktari wa Bariadi aliangalia mara moja, akaandika rufaa, akasema tusilale pale. Mama akakataa kuondoka mpaka nimwahidi jambo moja: usiambiwe hadi kura zihesabiwe. Nilikataa. Akasema basi haendi, atakaa kwenye kochi. Kati ya kukudanganya wewe na kumzika yeye, sikuhitaji muda wa kufikiri. Yeye mwenyewe ndiye aliyetunga maneno ya kukuambia, kwamba tunakwenda Mwanza kwa mama mdogo Anna, kwenye kipaimara cha mjukuu wake. Ulitupa nauli na debe la mafuta ya kupikia kama zawadi ya sherehe, ukatuambia tumsalimie mtoto.

Hakuna kipaimara, mdogo wangu. Mjukuu wa mama mdogo ana miaka mitatu. Ungeuliza ungejua.

Naandika barua hii nikiwa nimekaa kando ya kitanda cha mama, wodi ya wanawake, hospitali ya rufaa. Wamemkata mguu wa kulia, chini ya goti. Walianza kwa kujaribu kukiokoa kisigino, wakashindwa, wakasema wakichelewa watakata juu zaidi, na wakichelewa tena hawatakata kitu. Mama aliweka dole gumba kwenye karatasi yao kabla sijamaliza kusoma. Mguu ulikatwa wiki ile ile wewe ulipokuwa ukigawa fulana. Kidonda cha mshono kinapona, sukari imeshuka, na daktari anasema akila anavyotakiwa mguu uliobaki atakufa nao uzeeni. Kwa hiyo unaponiagiza nije na viatu vyote viwili, najibu hivi: cha kushoto tunakihifadhi, ingawa sidhani atakivaa. Cha kulia ndicho kilicho kwenye kifurushi. Sasa unaweza kukifungua.

Nilidhani hapo ndipo barua yangu ingeishia. Lakini kuna neno jingine, na si langu.

Siku ya tatu baada ya kukatwa, mama alipoweza kukaa, nilimmwagia yote. Nilikutaja kwa majina ambayo sitayaandika. Alinisikiliza mpaka nikachoka, kisha akaniambia ninyamaze, kwamba nakusema kama vile yeye hakuwepo. Akasema alijua. Tangu soda ya kwanza alijua, kwa kuwa kiu ilirudi usiku ule ule, na asubuhi akaenda kutazama nyuma ya choo chako akawakuta sisimizi. Hakumwambia mtu. Akaendelea kula.

Nilimuuliza kwa nini, na nakiri sauti yangu haikuwa ya mtoto kwa mama. Akasema ni kwa sababu yako. Akasema yule kijana aliyerudi na mfuko mtupu wa sukari hajawahi kuingia ndani, bado amesimama mlangoni analia, na kila ulipomletea soda mkononi mwake aliona sura ile ile. Akasema alikuwa anakula ili uingie ndani. Alidhani ugonjwa ungemlia siku za mwisho, ambazo alisema ni zake na anaweza kuzitumia apendavyo. Hakujua ungeanza na mguu.

Nimemkasirikia na yeye, ujue. Nilimwambia kwamba alikuwa na watoto wawili, na kwamba mimi nilimpikia mwaka na nusu ili aishi, na yeye akautoa mwili nilioulinda ili mwingine ajisikie mtu. Akasema chakula changu alikula kwa kukipenda, chako alikula kwa kukuhurumia, na niache kuvipima pamoja. Nikaenda nje kuosha vyombo.

Anakula vizuri sasa. Uji wa hospitali ameukataa, anasema umepikwa na mtu aliyegombana na mumewe. Napika kwa mama mdogo Anna na kuleta. Ugali wa mtama, tonge dogo, samaki wa kubanika, nsansa na ukwaju. Jana aliwafundisha wauguzi namna ya kukaanga karanga kabla ya kuziponda, na wagonjwa wa vitanda vya jirani wameanza kuulizia saa yangu ya kufika. Amesema pia nikuambie kwamba amepungua bila kujinyima, na ukimpandisha kwenye mizani yako safari hii itabidi iseme kweli. Alicheka mwenyewe. Mimi sikucheka, lakini nimeahidi kuandika.

Basi majibu yako ni haya. Mama haji Jumapili. Akiruhusiwa atakuja kukaa kwangu Kasoli, si kwako, na baba mkubwa akitaka aitishe ukoo tena. Safari hii mama hatakuwa uani anapakua.

Ng'ombe mchinje, watu wamekupa kura na ahadi ni deni. Lakini watauliza mama wa diwani yuko wapi. Ninachotaka mimi ni kimoja: usimame pale pale, mbele ya ghala, uwaambie mama yuko wapi na kwa nini, kwa mdomo wako. Usiseme ajali. Usiseme kurogwa, maana nakujua, na nawajua watakaokupa jina la kumsingizia mzee wa watu. Useme ni chakula ulichompa na kiatu ulichomvika. Katika kata ile kuna kina mama wengine wenye sisimizi nyuma ya nyumba, na watoto wao wanawanunulia soda kwa mapenzi. Usipowaambia wewe, nitawaambia mimi, na mimi sitalipamba.

Hilo ni langu. Analotaka mama ni jingine, ni dogo zaidi, na nadhani kwako ni gumu zaidi. Anataka uje Mwanza ule naye sahani moja. Nsansa zile zile. Na amesema uje mikono mitupu. Usilete sukari, usilete mafuta, usilete kitenge, hata chungwa moja. Nilimwambia hutaweza, kwamba utasimama sokoni ununue kitu hata kama ni mkungu wa ndizi. Akasema ndiyo maana anaomba hilo. Ukifika na kreti nitaimwaga mtaroni, na udiwani wako utaniangalia.

Msalimie sana wifi yangu Goodness. Mwambie mama anamwita mwanangu, na mimi namshukuru, wabeja sana. Wabusu watoto. Baba mkubwa Ngeleja msalimie pia, kwa kuwa ni baba, na msomee barua hii yote usiruke mahali. Mama mdogo Anna anakusalimu, na anauliza ni kipaimara gani hicho watu wa Bariadi wanampongezea.

Mama nimemsomea niliyoandika. Amesema nifute sehemu ya malengelenge, kwamba mtu aliyetoka kupata cheo asipewe maneno kama hayo. Sijafuta. Kisha akasema niongeze hili, nami naliongeza kama alivyolitamka: kitanda chake ni cha pili kulia ukiingia, na usisimame mlangoni kungoja aje kukushika mkono kama zamani. Hawezi tena kuja mlangoni. Uingie mwenyewe.

Ni mimi dada yako,
Felisita